Maswali na Majibu: Ukikodi Watu wa Kukuhamishia Vyombo

Kampuni tatu zimenipa bei. Moja ni karibu nusu ya zile mbili. Niichukue?

Kwanza niambie, dada: kuna aliyekuja kuona vyombo vyako? Kama bei imetajwa kwa simu baada ya kuuliza una vyumba vingapi tu, hiyo si bei, ni chambo. Mafuta, gari na wabebaji huigharimu kila kampuni pesa zinazokaribiana, kwa hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida, lakini nusu nzima lazima ifidiwe mahali. Mara nyingi hufidiwa vyombo vikishapanda garini. Hapo ndipo utaambiwa mzigo umezidi, ngazi zina malipo yake, makaratasi ya kufungia hayakuhesabiwa, gari limeegeshwa mbali na mlango.

Mwite mtu aje nyumbani, au azungushwe kwa simu ya video. Fungua makabati, mwonyeshe stoo na kila kilicho chini ya kitanda, na umtajie ghorofa unayotoka na unayokwenda. Halafu adai chochote anachotaka kudai, ila kwa maandishi, na iandikwe kama bei hiyo ni ya mwisho au inaweza kupanda, na ikipanda itapanda kwa sababu gani.

Wanataka nitangulize nusu ya malipo, niitume kwenye namba ya simu ya mtu.

Usitume. Kianzio kidogo cha kushikilia tarehe baadhi ya kampuni halali hukitoza, lakini kiende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, upate risiti, na ujue utarudishiwa vipi ukiahirisha. Pesa iliyotumwa kwa jina la mtu binafsi ni vigumu mno kuidai.

Ukurasa wao ni mzuri, una picha za malori na sifa tele. Nitajuaje kama kampuni ipo kweli?

Picha za malori mtu yeyote anaweza kuzichukua popote. Tafuta namba yao ya simu na anwani yao, si jina peke yake, kwa sababu kampuni iliyochafuka hubadili jina wiki hii na kuendelea na namba ileile. Soma malalamiko kabla ya sifa, na ukiona sifa zote zimeandikwa ndani ya siku chache kwa maneno yanayofanana, shtuka.

Kisha hakiki usajili kwa mamlaka yenyewe, usiridhike na cheti walichokutumia. Marekani, kwa mfano, kampuni inayohamisha vyombo vya nyumbani kutoka jimbo moja hadi jingine lazima iwe na namba ya USDOT, yaani namba ya usajili ya Wizara ya Uchukuzi ya huko, na mwananchi anaweza kuitafuta katika kumbukumbu za FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usafiri huo. Unapoishi wewe, uliza ni ofisi ipi inayosajili wasafirishaji wa mizigo.

Uliza pia: gari ni lenu, au ninyi ni madalali? Udalali si kosa. Kosa ni kufichwa, ukaja kugundua siku ya kuhama kwamba aliyekupa bei na aliyebeba vyombo hawajuani, na kila mmoja anakusukumia kwa mwenzake.

Wamenipa fomu tupu nisaini, eti watajaza baadaye ili tusichelewe.

Hapana. Wachelewe.

Vyombo vyangu vyote viko garini. Sasa wanadai mara mbili ya tulichokubaliana, la sivyo hawashushi.

Pole sana, ndugu yangu. Huu ndio utapeli mbaya kuliko wote katika kazi hii, maana wanajua kitanda cha mwanao kimo humo. Usigombane na wabebaji. Piga picha namba ya gari, dai ankara ya maandishi inayoeleza kila ongezeko, kisha iweke kando ya mkataba wako. Piga simu polisi na kwa mamlaka ya usafirishaji wakiwa bado wapo.

Sheria inaweza kuwa upande wako. Kule Marekani, kwa safari za kuvuka majimbo, makadirio yasiyo ya bei ya mwisho yana kikomo: mzigo ukifika, ukilipa hadi asilimia 110 ya makadirio lazima wakushushie, na kinachobaki hudaiwa baadaye. Huduma za ziada ulizoomba baada ya mkataba ndizo huhesabiwa kando.

Ukiamua kulipa ili upate vitu vyako, mimi sikulaumu. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na uandike kwenye risiti kwamba unalipa huku ukipinga. Wasomaji ambao bado hamjahama: dawa, vyeti, hati, kompyuta na vito msivipakie. Visafiri nanyi.

Wanasema "tuna bima". Inatosha?

Uliza inalipa kiasi gani na kwa kipimo gani. Katika safari hizo za Marekani, kinga isiyo na malipo ya ziada hufidia senti 60 tu kwa kila ratili ya uzito wa kitu. Televisheni yenye uzito wa ratili 40 ikivunjika, unapata dola 24. Ukitaka fidia ya thamani halisi, unailipia, na unaichagua kabla ya kupakia.

Andikeni pamoja orodha ya vitu na hali ya kila kimoja, nawe ubaki na nakala. Wapo wanaoandika "kimechubuka" kwenye kila mstari, kabati jipya likiwemo, ili wasidaiwe. Pinga hapohapo, na uwe na picha ulizopiga asubuhi hiyo. Wakati wa kupokea, hesabu maboksi kabla ya kusaini. Kilichopotea au kuvunjika kiandikwe kwenye karatasi ya mapokezi, hata kama dereva amewasha gari na anakuharakisha.