Re: Michoro ya mabenchi na nguzo za taa za barabarani

Mkuu, kwa michoro ya kiufundi ya mabenchi, mapipa ya taka na nguzo za taa unayotafuta, anza na tovuti za watengenezaji wenyewe. Wengi wanaweka faili za DWG (aina ya faili za michoro ya kompyuta, kama za AutoCAD) bure, na vipimo ni vya bidhaa halisi. BIMobject, tovuti ya modeli za bidhaa za ujenzi, nayo ina modeli za Revit (programu ya kusanifu majengo), unajisajili tu. Zile maktaba za michoro za mtandaoni ambazo kila mtu anapakia chake mimi siziamini sana. Ukishusha faili, pima kwanza kimo cha kiti kutoka ardhini: kikitoka nje ya sentimita 40 hadi 50 hivi, shuku vipimo. Mara nyingi ni inchi zimesomwa kama milimita. Tafuta pia mchoro unaoonyesha benchi linavyofungwa chini, wengi huusahau.