Usiku wa Chennai huanza alasiri

Mara ya kwanza nilikwenda Chennai kumsindikiza mama mkubwa kwenye matibabu. Wengi wetu India tumeijua kwa njia hiyo: asubuhi foleni ya vipimo, mchana kusubiri majibu, jioni mgonjwa kalala na wewe umebaki unahesabu mizunguko ya pangaboi. Siku ya nne uzalendo ukanishinda, nikatoka.

Nikaanza vibaya. Nilivaa shati la pasi nikaenda klabu ya hoteli moja, jina lake naliacha. Mlangoni nikaulizwa nimekuja na nani. Peke yangu. Nikageuzwa. Klabu nyingi za India hazipokei mwanamume asiyefuatana na mwanamke, kwa hiyo usipoteze nauli kubishana. Pombe nayo ina mwenyewe: katika jimbo la Tamil Nadu, liliko jiji la Chennai, maduka ya vileo ni ya serikali, yanaitwa TASMAC, hufungwa saa nne usiku, na tarehe 2 Oktoba, siku aliyozaliwa Gandhi, hupati hata tone. Ikiwa starehe yako ni chupa na disko, Mumbai au Bengaluru patakufaa zaidi.

Aliyeniokoa ni dada wa mapokezi pale tulipopanga. Ilikuwa Desemba. Akaniambia, "Mwezi huu watu hawaendi klabu, wanaenda kutcheri."

Kutcheri ni onyesho la muziki wa Karnatiki, muziki wa kale wa India ya Kusini. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari, ndani ya mwezi wanaouita Margazhi, kumbi za jiji hupokezana maonyesho kuanzia asubuhi mpaka usiku. Maarufu kuliko zote ni Music Academy, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1928, lakini mgeni asiye na tiketi aanze na vikao vya mchana: katika kumbi nyingi huwa ni bure, nao ndio wakati wa kusikiliza vijana wanaochipukia. Beba shali. Viyoyozi vya kumbi zile havina huruma.

Mimi nimelelewa na taarabu, nikadhani nitakuwa mwenyeji. Fidla ipo kweli, ila mpigaji amekaa chini, amekunja miguu, na kichwa cha fidla kimeegemea kwenye mguu. Pembeni kuna mridangam, ngoma ya pande mbili, na mara nyingine ghatam, ambayo ni mtungi mtupu wa udongo unaopigwa kwa viganja na vidole. Lakini hakuna anayeinuka kwenda kutuza! Watu wametulia, mikono mapajani. Mwimbaji alipovuta pumzi nikapiga makofi peke yangu, ukumbi mzima.

Bibi aliyekaa jirani, amevaa sari ya hariri na maua ya jasmini kichwani, hakucheka. Alisema "thambi", yaani mdogo wangu, akanishika mkono akaupiga kwenye paja langu: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati; kofi, geuza kiganja; kofi, geuza kiganja. Nane. Kisha unarudi mwanzo. Kuanzia hapo nikaacha kusubiri wimbo uishe, nikaanza kuufuata. Jifunze hesabu hiyo kabla hujaingia; itakufaa kuliko kusoma kurasa kumi za maelezo.

Na usiondoke bila kupita kantini ya ukumbi. Wapo wanaokwenda kwa ajili ya kantini tu, wakipinga hilo wanadanganya. Dosa, yaani chapati nyembamba za mchele na kunde, vada zinazofanana na bajia, na kahawa inayomiminwa kutoka bilauri kwenda bakuli mpaka itoe povu.

Usitegemee Kihindi cha sinema. Nilisema "shukriya" kwa dereva wa bajaji, akanitazama kama nimepotea njia. Hapa ni Kitamil: asante ni "nandri", na dereva mwite "anna", kaka mkubwa. Bei patana kabla ya kupanda, maana mita wengi hawaiwashi. Ukitaka kuita gari kwa programu ya simu, nunua laini ya India mapema.

Jioni isiyo na muziki nilikwenda Marina, ufukwe mrefu wenye sundal, yaani mbegu kama dengu zilizochemshwa zikachanganywa na nazi na embe bichi. Kaa, kula, tazama tiara. Kuogelea hapana, mkondo wa pale umeua watu.

Safari ya pili iliangukia Ramadhani. Nilifuturu mtaa wa Triplicane, katika Msikiti wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795. Waliotugawia chakula, wamevaa kofia kwa heshima ya mahali, walikuwa Wahindu wa asili ya Sindh, eneo ambalo leo liko Pakistan, kutoka mtaa wa Mylapore. Kazi hiyo ya kujitolea wameifanya kila Ramadhani kwa miongo kadhaa. Nilipouliza zaidi, niliongezewa wali.

Mama mkubwa hakuwahi kufika ukumbini ile safari ya kwanza, daktari alikataa. Nilimfundisha ile hesabu kitandani, redio ya simu ikiimba polepole. Mpaka leo nikimpigia Tanga, kabla ya salamu kwisha ataniuliza: "Baada ya kofi la kwanza, ni kidole kipi vile?"