Kabla Tingatinga Halijaingia: kwa mnaoanza kazi ya kusafisha viwanja vya viwanda Mombasa

Wengi wenu mnaingia kazi hii mkiwa na hamu ya mashine. Nawaelewa, tingatinga likinguruma mtu huona kazi inakwenda. Lakini kiwanja cha kiwanda kilichofungwa, kiwe Changamwe au Shimanzi, huharibika au hutengenea kabla mashine haijawashwa.

Anza na wazee waliofanya kazi pale. Ramani itakuonyesha ofisi, karakana na geti. Haitakuonyesha shimo walilokuwa wakimwaga oili chafu miaka nenda miaka rudi. Hilo analijua fundi wa boila, na siku hizi utamkuta barazani kwake Mikindani au Magongo. Mwamkie kama anavyostahili, kaa, kahawa ikija kunywa. Usimuulize "mlichafua wapi?" kwani papo hapo atageuka wakili wa kampuni iliyomsomeshea watoto. Muulize kazi ilivyokuwa ikienda: betri kuukuu zilishushwa wapi, zilipasuliwa na nani, maji yake yalifuata mtaro upi, jenereta ikibadilishwa oili ile ya zamani ilikwenda wapi.

"Ile? Nyuma ya stoo, mwanangu, chini ya mkungu. Sisi tukiita baharini."

Hapo umeshapata. Mwombe aje nawe kiwanjani akuonyeshe kwa fimbo yake. Vipimo vya maabara ni ghali, na mzee mmoja anayekumbuka vizuri hukupunguzia mashimo mengi ya kuchimba kwa kubahatisha.

Kisha tembea mwenyewe, polepole, ukiangalia chini. Vipande vyeusi vya makasha ya betri, mawe ya kijivu mazito kupita ukubwa wake, mahali ambapo nyasi hazioti hata masika yakipita: weka alama. Risasi, ile metali ya sumu iliyomo kwenye betri, hukaa zaidi sentimita chache za juu, haiozi wala haiyeyuki ikaondoka, na ndiyo maana watoto ndio wanaoumia; wanacheza chini na mikono inaingia kinywani. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Marekani, kipimo cha kuanza kutilia shaka udongo wa makazi kilikuwa miligramu 400 kwa kilo moja ya udongo, na mwaka 2024 kikashushwa hadi 200. Ukiona ripoti ya zamani inasema kiwanja "kimepita", angalia kilipita kwa kipimo gani, na kwa matumizi gani. Udongo unaofaa chini ya saruji ya godauni haufai uwanja wa chekechea.

Kile kifaa cha eksirei cha mkononi cha kupimia metali kwenye udongo ni kizuri, kinakupa jibu papo kwa papo. Ila udongo ukiwa umelowa hukudanganya: kinasoma chini kuliko ilivyo. Wakati wa masika kausha sampuli kwanza, ichekeche, ndipo upime. Nimeona ripoti nzima ya Mei ikitupwa kwa sababu hii.

Kwa nini nasisitiza hivi? Tazameni Owino Uhuru, mtaa wa hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini sumu haikutoka na wafanyakazi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaagiza pia udongo na maji yasafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliwarejeshea wakazi fidia yao. Kufunga geti na kusafisha ni mambo mawili.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi kidogo. Kila kijana mpya huniletea mfano wa Bamburi: "Si walipanda miti tu?" Ndiyo, kuanzia 1971 René Haller aligeuza machimbo ya kiwanda cha saruji kuwa msitu. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu, mvinje ukiwemo, na jongoo wenye miguu myekundu wakasaidia kuyageuza majani yake kuwa udongo. Kazi ya kuheshimiwa kabisa. Lakini shida ya Bamburi ilikuwa mwamba mtupu na maji ya chumvi, sumu haikuwepo. Mvinje hauli risasi. Ukipanda miti juu ya udongo wenye sumu umepata bustani yenye sumu na kivuli.

Maji nayo. Kisiwani na ufuoni tumekaa juu ya matumbawe, yana nyufa na matundu, kilichomwagika juu hakichelewi kufika kisimani. Maji matamu yenyewe ni tabaka linaloelea juu ya maji ya chumvi. Pima visima vya majirani kabla hujagusa kitu, ukaandike na saa: karibu na bahari kisima hupanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, kwa hiyo vipimo viwili vya saa tofauti haviwezi kulinganishwa. Bila vipimo vya mwanzo, chumvi au mafuta yakizidi kisimani mwa jirani mwaka ujao, mkosaji ni wewe.

Vumbi lipangie kwa upepo. Kaskazi na kusi hazipulizi upande mmoja. Jua nani amelala upande upepo unakoelekea kabla hujavunja ukuta. Mabati ya asbesto yalowesheni, yateremsheni mazima, msiyavunje.

Tangi la mafuta ya petroli "tupu" liogopeni kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Asikate mtu kwa gesi mpaka lipimwe. Transfoma za zamani ziwekewe mlinzi siku ya kwanza kabisa, si ya pili. Wezi wa skrepa wanataka shaba. Mafuta wanayamwaga pale pale, na yale ya zamani huenda yana PCB, kemikali za sumu ambazo hutazitoa ardhini kwa koleo.

Vibarua wavue ovaroli na kuoga kiwanjani. Nguo ya kazi ikifika nyumbani, risasi imefika kwa watoto.

Mwisho ni malori. Taka hatari husafirishwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kila safari iwe na hati ya kufuatilia mzigo, isainiwe na anayepokea. Jueni njia ni ya muda gani, na foleni ya Changamwe mnaijua. Lori lililopaswa kurudi alasiri likirudi kabla ya adhuhuri, msimsifu dereva kwa wepesi. Mwombeni hati, kisha mtu apande pikipiki akatazame kama mzigo haukumwagwa mikokoni.