Bibi anamsimulia mtoto hadithi za mazimwi: nimkataze?

Dada mleta mada, umeuliza kama umzuie mama mkwe kumsimulia mwanao wa miaka minne hadithi za mazimwi, maana siku hizi anaamka usiku analia. Usimzuie kwanza. Chunguza hilo zimwi analisikia wapi: kwenye hadithi, au pale anapogoma kula?

Hadithi ya bibi ina mlango wa kuingilia. "Hadithi, hadithi!" Mtoto anajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kwa kinywa chake mwenyewe ameuita uongo. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano bado hatenganishi vizuri la kweli na la kubuni, kwa hiyo maneno hayo yanamsaidia kujua kwamba zimwi ni la humo, na bibi akisema "hadithi yangu imeishia hapo" nalo limebaki humo. Sasa ukimwambia "nyamaza, zimwi litakuja kukuchukua", hakuna mlango. Zimwi hilo liko nje ya dirisha na linajua anapolala. Atanyamaza, ndiyo, ila kwa hofu ambayo ataingia nayo kitandani. Dada wa kazi, wajomba, kaka zake, wote waambiwe waache kabisa.

Tuje kwenye kusimulia kwenyewe. Ngano ya msichana aliyefungiwa ndani ya ngoma ya zimwi inatisha kweli. Lakini mtazame mtoto anapoisikiliza. Ngoma ikipigwa mara ya kwanza, ameng'ang'ania upindo wa kanga ya bibi. Ikipigwa mara ya tatu, anaimba wimbo wa yule msichana kwa sauti kumshinda bibi, kwa kuwa anajua kinachofuata. Anaonja hofu akiwa mahali salama, na anaona inaisha. Ndiyo maana wimbo usirukwe, na ndiyo maana kosa baya kuliko yote ni kukatisha katikati, "tutamalizia kesho". Zimwi lishindwe usiku huohuo.

Kwa umri wake dakika 10 zinatosha. Iishe walau nusu saa kabla ya kulala, kisha kifuate kitu chepesi: vitendawili, au Sungura anavyomchezea Fisi. Akificha uso, bibi apunguze ukali wa sauti ya zimwi, asiondoe zimwi lenyewe. Akitaka hadithi ileile siku saba mfululizo apewe, bila kubadilishiwa mwisho; kuna jambo bado analitafuna. Ngano za mama wa kambo mbaya ziwekwe kando kama nyumbani kwenu yupo mama wa kambo, kwa sababu mtoto mdogo atazipokea kama habari za nyumba yake.

Kagua pia katuni kabla ya kumlaumu bibi. Zimwi la kusikia, mtoto hulichora mwenyewe kichwani. La kwenye runinga linakuja na meno yake tayari.

Usiku, tazama saa. Akipiga kelele baada ya kulala kwa muda wa saa moja hadi matatu, macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki chochote, hilo si jinamizi, yaani ndoto mbaya, bali ni mshtuko wa usingizini. Usimwamshe. Kaa karibu asijigonge, litapita baada ya dakika chache. Uchovu na homa hulichochea, basi mlaze mapema. Jinamizi huja zaidi karibu na alfajiri, na mtoto hukusimulia alichoota. Mkumbatie, na mchana mpe karatasi achore hilo zimwi, kisha aamue mwenyewe lishindwe vipi. Tafadhali msipige fimbo chini ya kitanda "kulifukuza". Mtakuwa mmemthibitishia kuwa lipo.

Hali ikizidi mwezi, au akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, au akikataa kuachwa na mtu fulani, muulize polepole: zimwi linakuwa wapi? Linafanya nini? Usimtajie jina la mtu yeyote, msikilize tu. Mtoto mdogo anaweza kukosa neno la kumwitia mtu mzima anayemuumiza, akaazima lile la kwenye hadithi. Ukisikia dalili hiyo usingoje kikao cha ukoo: nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya.