Kwa Nini Sinema Imekuwa Ghali?

SWALI: Ndugu Mhariri, ujanani hapa Tanga nilikuwa nikiingia majumba ya sinema ya Majestic na Novelty kwa fedha ya kununulia mhogo wa kukaanga. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye jumba la sinema Dar es Salaam. Tiketi na bisi vilinigharimu karibu sawa na nauli yetu ya basi. Kulikoni?
Bibi wa Ngamiani

JIBU: Shikamoo, bibi. Majumba ya zamani yalikuwa na pazia moja na viti vingi, na aliyekaa mbele, shingo ikimuuma, alilipa kidogo kuliko wa roshani. Faida ilitokana na wingi wa watu. Video za miaka ya 1980, kisha televisheni iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1994, ziliwabakiza watazamaji majumbani, na ukumbi wenye watu wachache hauna budi kumtoza kila mmoja zaidi, kwa kuwa umeme na kodi ya pango havipungui viti vikiwa vitupu.

Isitoshe, filamu inapokuwa mpya, msambazaji huchukua nusu ya mapato ya tiketi au hata zaidi, hivyo mwenye ukumbi hutafuta faida yake kwenye bisi na soda. Hapo ndipo ulipoumizwa, bibi, maana konzi moja ya mahindi hujaza mfuko mzima! Safari ijayo mlisheni mjukuu kabla ya kuingia, na muulizie siku za katikati ya juma, ambazo baadhi ya kumbi hupunguza bei. Kibanda umiza, yaani kile chumba cha mtaani cha kuonyeshea video, ni nafuu zaidi, ila mabenchi yake hayataufaa mgongo wako.