Pikapu Ikivuma Mbele, Usikimbilie Kununua Beringi

Ingia gereji yoyote hapa Mbeya, sema pikapu inavuma mbele, jibu utalipata hata hujazima injini: "Bosi, hiyo beringi." Fundi anaweza kuwa sahihi, maana barabara zetu zinakula beringi kweli, ile pete ya chuma inayofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi. Lakini pale mbele beringi haiko peke yake. Kuna tairi, difu (gia za ekseli zinazogawia magurudumu mzunguko), propela (shafti inayoleta mzunguko kwenye difu), breki, feni na oltaneta (inayochaji betri), na vyote hivyo vinavuma. Mimi nabeba viazi kutoka Isyonje kwenda mjini kwa Hilux ya zamani, ile ya kufunga habu (kitovu cha gurudumu, kikifungwa kinashikana na ekseli) kwa mkono, na ninachoshauri ni kimoja: kabla ya kutoa hela, tafuta kwanza ni kitu gani kinaubadilisha huo mvumo. Kazi hiyo haihitaji spana hata moja.

Anza gari likiwa limesimama. Liache gia huru, kanyaga mafuta taratibu. Ukisikia mvumo unapanda na injini, achana na tairi na beringi za magurudumu. Hilo ni jambo la oltaneta, pampu ya stelingi au puli ya kukazia mkanda. Mlio ukija unapokanyaga klachi, shuku beringi ya klachi. Halafu kuna feni. Ukipanda Kitonga na mzigo, jua kali, utasikia mbele panavuma kama kuna lori linakufuata. Kwenye pikapu nyingi feni ina klachi yake inayoshika injini ikipata joto, na ikishika lazima ivume. Ukifika juu, injini ikapoa, ikanyamaza, hapo hakuna ugonjwa wowote.

Kama gari likisimama ni kimya na mvumo unaanzia spidi hamsini au sitini na kuendelea, sasa tunazungumzia vitu vinavyozunguka na magurudumu. Tafuta sehemu tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari. Kwetu huku kipande cha Chimala kuja Igurusi kinafaa. Fika themanini, toa gia, acha gari litembee lenyewe kidogo na usikilize. Mvumo ukibaki vilevile na kushuka pamoja na spidi, injini haihusiki. Jaribio hili usilifanye mteremkoni hata siku moja. Iwambi imeshaua watu wa kutosha.

Ukiwa bado hapohapo, yumbisha stelingi taratibu kulia na kushoto. Ukikata kulia, uzito wa gari unalalia upande wa kushoto. Ukikata kushoto, unalalia kulia. Beringi mbovu inalia zaidi ikibebeshwa uzito. Kwa hiyo mvumo ukizidi unapokata kulia, mshukiwa ni gurudumu la kushoto. Wengi hapa wanakosea, wanafungua upande ule waliokatia stelingi.

Tairi ndizo zinazodanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Tairi yenye kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) kubwa za kuparamia matope inavuma tangu siku inafungwa, na sisi tunaopita kwenye matope ya Rungwe wakati wa mvua tunazipenda hizohizo. Hapo vumilia tu. Tatizo ni tairi iliyolika vibaya. Pitisha kiganja juu ya kashata kwa upana wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe nje. Upande mmoja mkono utateleza vizuri, upande mwingine utakwaruza kwenye kingo zilizochongoka, kama alaimenti (mnyooko wa magurudumu) imekaa vibaya. Ukikuta mabonde mabonde kuzunguka tairi, angalia shokapu. Imechoka, gurudumu linadunda na kulika vipande vipande. Mvumo wa tairi kama hiyo unafanana sana na wa beringi, hata fundi mzoefu unaweza kumpotosha.

Namna ya kuzitenganisha ni mbili. Kwanza barabara: tairi hubadilisha sauti ukitoka lami laini kuingia lami ya kokoto, na ukiingia vumbi inaweza kupotea kabisa. Beringi haijali sana umekanyaga nini. Pili, hamisha tairi za mbele ziende nyuma, za nyuma zije mbele, kama ni za saizi moja. Mvumo ukihamia nyuma, umepata jibu kwa gharama ya jeki na jasho.

Sasa kwa wenye pikapu za kuvuta tairi zote nne zenye habu za mkono. Wakati wa mvua watu wanafunga habu ili wasihangaike kushuka kwenye matope, kisha wanasahau na kutembea hivyo wiki nzima kwenye lami. Habu ikiwa imefungwa, hata kama hujaingiza gia ya mbele, magurudumu yanazungusha ekseli, difu ya mbele na propela yake. Vyote vinazunguka bure, na kama kuna beringi imechoka ndani ya difu, utaisikia. Simama, fungua habu zote mbili, rudi barabarani kwa spidi ileile. Mvumo ukikata, beringi za magurudumu hazina kosa. Nenda kwenye difu na propela. Fungua nati ya kujazia mafuta ya difu, chovya kidole. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji, na difu iliyotembea na maji haikai muda mrefu. Pikapu nyingi za sasa hazina habu za mkono, kwa hiyo kwao njia hii haipo. Waende moja kwa moja kukagua mafuta.

Mpaka hapa kama bado unashuku beringi, pandisha jeki, weka stendi, zuia tairi za nyuma kwa mawe. Shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu na kuliacha ligeuke). Ikicheza ukiishika kulia na kushoto tu, tazama ncha za stelingi. Kisha kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote: zungusha tairi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ushike sipringi ya upande huohuo. Beringi nzima huisikii. Iliyoanza kuliwa inatuma mtetemo wa chengachenga hadi kwenye vidole, hata kama masikio hayasikii kitu. Pikapu yenye sipringi za majani haina pa kushika hivyo. Weka kiganja nyuma ya habu.

Ukifungua ukakuta grisi imebadilika nyeupe au ina kutu, ujue sili (mpira unaozuia maji yasiingie kwenye beringi) imepitisha maji, na kubadilisha beringi ukaacha sili ya zamani ni kuchezea hela. Osha beringi kwa mafuta ya taa, ikauke, tazama roli moja moja: zenye vishimo au zilizogeuka bluu kwa joto hazirudi. Usikubali kufungiwa roli mpya kwenye kikombe (pete ya nje ambamo roli huzunguka) cha zamani. Vinauzwa pamoja kwa sababu vinalika pamoja. Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi, soma namba zilizochongwa pembeni, ulinganishe mwenyewe.

Kwenye hizi pikapu za zamani nati ya beringi inakazwa huku gurudumu linazungushwa ili roli zikae, kisha inalegezwa na kukazwa tena kidogo kwa kipimo cha gari lako. Fundi anayeikaza kwa nguvu zake zote "isilegee" anakuandalia mvumo mwingine. Ndiyo maana ukitoka gereji tembea kilomita chache kwenye tambarare, simama bila kukanyaga breki sana, gusa habu zote mbili. Vuguvugu haina shida. Ikiwa moja haishikiki na mwenzake ni ya kawaida, rudi ikalegezwe. Usipime hivyo ukiwa umetoka kushuka mlima, kwa sababu breki zitakuwa zimezipasha zote mbili na mkono hautakuambia kitu.