Ulimi nyuma ya kimio: usianze na kitambaa, na wembe uache kabisa

Mama ndiye aliyegundua kwanza. Nilimwamkia alfajiri, "Thikamoo, mama," akaacha kukoroga uji akanitazama. "Marahaba. Umefanyani na ulimi wewe? Mbona wasema kama una tonge la muhogo mdomoni?" Nikamwambia nimejiuma. Uongo mtupu. Usiku wake nilikuwa mbele ya kioo na kitambaa cha pamba na kijiko cha samli, nauvuta ulimi wangu nje kama mtu anayevuta nanga.

Nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Jambiani, Unguja, yenye ukumbi wa yoga unaotazama pwani. Nilianza kwa kutandika mikeka, nikaja kukaa nyuma ya darasa, na sasa mwaka wa 6 nakaa kila siku. Tangu niandike kidogo kuhusu kutaamali, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili la khechari, zoezi la yoga la kukunja ulimi kurudi nyuma kuelekea kooni. Vijana wanaona video ya mtu kameza ulimi wake mwenyewe, wanataka nao. Basi nasema ninayoyajua, pamoja na yale ya kuniaibisha.

Neno ni la Kisanskriti: khe ni anga au uwazi, chari ni anayekwenda. Anayekwenda angani. Ulimi unakunjwa kurudi nyuma, unapita kaakaa gumu, unapita kaakaa laini, unafika kimio (shuleni tuliambiwa kidakatonge), na kwa wachache unaingia nyuma yake, kwenye uwazi ulio juu ya koo ambako pua inamalizikia. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa na Svatmarama katika karne ya 15, kinaisifu sana. Maelezo ya wayogi ni kwamba kichwani mna mwezi unaodondosha maji ya uhai, yanashuka hadi kitovuni kwenye jua, yanaungua huko, na ndiyo maana tunazeeka. Ulimi ukiziba njia, tone haliendi.

Kitabu hichohicho ndicho kinachoelekeza kukata. Chini ya ulimi mna ukano mwembamba unaoushikilia. Unaambiwa uukate kwa kisu kikali kwa kiasi cha unywele, usugue chumvi ya mawe na unga wa dawa, ungoje siku 7, ukate tena, hivyo hivyo mpaka miezi 6. Simulia hayo mbele ya bibi yeyote wa Kitanzania uone. Hapa kwetu tunajua habari ya mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha kupelekwa kwa fundi akatwe kimio, na tunajua wangapi walirudi na damu isiyokatika. Inua ulimi wako mbele ya kioo: zile mistari za buluu ni mishipa ya damu, na vile vitundu viwili kando ya ukano ndimo mate yanamotokea. Hapo ndipo unapotaka kupitisha wembe bafuni kwako? Na hata ukipona, kovu hukaza. Unaweza kukata ili ulimi urefuke, ukaishia na ulimi mfupi zaidi ya ulivyokuwa.

Mimi sikukata. Nilijiona mwenye akili kwa sababu nilichagua kuvuta. Kuvuta nako kumo katika mapokeo, ulimi unakamuliwa kama chuchu ya ng'ombe, kidogo kidogo kwa miezi. Mgeni mmoja alinionesha, yeye kwa upole. Mimi nikapiga hesabu: akivuta dakika mbili anaendelea pole pole, nikivuta nusu saa nitafika haraka. Siku ya nne ukano ukachanika kwenye meno ya chini, pakafanya kidonda. Nilikaa wiki tatu na kidonda hicho. Urojo, ambao nauacha kwa shida hata nikiwa na homa, nilionja kijiko kimoja, ndimu ikapita pale chini nikatoa machozi mbele za watu Forodhani. Kazini nikawa nawakaribisha wageni kwa kutabasamu na kuonesha kwa mkono.

Kilichonirudisha njiani ni chuoni. Si chuo kikuu, chuo cha Kurani. Ustadhi wetu alikuwa na subira ya mawe katika makhraji, yaani mahali kila herufi ya Kiarabu inapotokea mdomoni. Kafu na qafu alitufundisha mwezi mzima: hii inatoka hapa, ile nyuma zaidi kidogo, na mtoto aliyelazimisha alikohoa tu. Ulimi ulijifunza kwa kurudia, si kwa kuvutwa. Nikajiuliza mbona nimeusahau ufundi ambao ninao tangu nina miaka sita.

Basi fanya hivi. Sema "na". Ncha ya ulimi imegusa ufizi nyuma ya meno ya juu. Iache hapo, funga mdomo, meno yasigusane, pumua kwa pua. Hiyo ni hatua ya kwanza, na ukae nayo wiki kadhaa. Kisha sema "nya" usikie ulimi umegusa kaakaa gumu mahali gani. Sasa peleka ncha yenyewe mahali pale. Mwisho sema "ng'a", ile ya ng'ombe. Pale nyuma panapogusana ndipo kaakaa laini linapoanzia, unapasikia panabonyea. Ncha ikifika pale bila kukaza shingo wala taya, tayari unafanya ile ambayo wengi huiita nabho mudra, na mwenye kukaa nayo dakika 20 kwa utulivu kamzidi yule anayejichokonoa koo kwa vidole.

Kwa kurefusha kuna zoezi moja tu ninalolipendekeza. Wanaofuata mapokeo ya Lahiri Mahasaya, yogi wa India aliyeishi 1828 hadi 1895, hulitumia badala ya kisu, na huliita talabya kriya. Bandika ulimi wote kwenye kaakaa kama unayetaka kumwita punda kwa ule mlio wa "tlo", lakini usiuachie. Ukiwa umenata, fungua taya polepole mpaka usikie ukano unavutika chini. Halafu achia, mlio utoke. Mara 10 asubuhi, baada ya wiki ongeza, ukisikia uchungu punguza. Mpwa wangu anafikiri namwita punda wa jirani, na siku moja kweli punda aliitika.

Fanya tumbo likiwa tupu, kwa sababu kaakaa laini likiguswa mara za mwanzo utatapika ulichokula. Kichefuchefu hicho kinaisha chenyewe ukiacha kulazimisha. Ukiwa na mafua acha kabisa, maana ulimi ukienda nyuma unaweza kuziba njia ile ile ya pua unayoitegemea. Mate yatajaa, meza tu. Niliulizwa kuhusu Ramadhani: mate yako mwenyewe yaliyo mdomoni ukiyameza hayafunguzi. Na kama ulimi wako umeshikwa tangu kuzaliwa, ncha haipandi hata kwenye ufizi, hilo ni la daktari wa meno au wa koo, si la makala yangu.

Mimi kaakaa laini nilifika mwezi wa 5 wa mazoezi. Kimio nilikigusa baada ya miaka miwili, sekunde chache, nikacheka nikapoteza kila kitu. Nyuma yake sijafika. Pengine sitafika, kwa kuwa ukano wa kila mtu una urefu wake, na siku hizi halinisumbui. Nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwenye hatua ya "nya". Tukinyamaza, ulimi haunyamazi. Jaribu kumjibu mtu kimoyomoyo uone unavyotikisika kidogo mdomoni. Ukiutuliza juu pale, yale majibizano ya ndani yanakosa pa kushika. Hayaishi, ila yanapungua sauti, kama redio ya jirani akifunga dirisha.

Kuhusu ladha, mnaniuliza sana. Kitabu kinataja chumvi, ukali, uchachu, kisha maziwa, asali na samli. Mimi nimepata chumvi. Nilifurahi siku mbili nzima, mpaka nikatambua ni kamasi inayoshuka toka puani. Anayepata asali namwombea heri.

Wapo wanaoniandikia kwamba haya ni mambo ya Wahindi na yatanitoa kwenye dini. Sibishani. Masufi wa Naqshbandi nao hubandika ulimi kwenye kaakaa wanapofanya dhikri ya moyoni, na hakuna aliyewaambia wameiga ya hekaluni. Mimi sisomi mantra ya mungu wa mtu, nakaa kimya. Ukiwa na wasiwasi muulize shehe wako, usiniulize mimi wa mapokezi.

Mama bado hajui habari ya samli. Ninakaa barazani baada ya sala ya alfajiri, maji yawe yametoka au yamejaa, dakika 20 basi. Ninapokosa muda nafanya kwenye daladala ya 309 kwenda mjini, mdomo umefungwa, ncha iko juu, hakuna anayejua. Ila kondakta akidai nauli ushushe ulimi kwanza, kwani nilishawahi kumjibu hivyo hivyo, abiria wote wakageuka.